Zamu ya Kugeuza

Kazi ya Candiru ilikuwa kugeuza watu. Alianza na kitanda cha mlangoni, akafuata upande wa kushoto wa wodi ya wanaume mpaka ukutani, kisha akarudi na upande wa madirisha. Glavu zilikuwa zimekwisha. Zile chache zilizobaki Sista alizifungia kabatini kwa ajili ya vidonda vibichi, kwa hiyo Candiru alivaa kavera mikononi, ile mifuko myembamba ya plastiki ambayo wachuuzi wa Koboko hutilia nyanya, akaifunga kwa uzi kwenye vifundo. Ilimtoa jasho mpaka vidole vikanyauka kama vya mtu aliyeshinda akifua.

Aligeuza vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Kijana aliyevunjwa uti wa mgongo na lori la mchanga alimkunja goti, akamshika begani na nyongani, akamvuta kwake taratibu, akamwekea nguo iliyokunjwa katikati ya magoti, akanyoosha shuka lisibaki na kunjo hata moja. Akamkagua visigino, nyonga na mwisho wa mgongo, kila mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi. Palipobadilika rangi alipagusa kama pana joto. Ngozi ikiwa bado nzima, alishusha pumzi na kwenda kitanda kinachofuata.

Alipofika kitanda cha dirishani, alipita.

Si kwamba alisahau. Alipita uso ameuelekeza upande wa pili, mikono yake ya plastiki ameificha nyuma. Juu ya kitanda kile, chenye godoro lililopasuka ngozi upande wa kichwani, alilala chali mzee mmoja mrefu, mguu wake wa kulia umefungwa kamba iliyopita kwenye roda na kuning'iniza jerikeni la mchanga. Kando yake, mkekani, aliketi bibi aliyejitanda kitambaa cheupe, tasbihi mkononi, macho yakimfuata Candiru kitanda hadi kitanda. Bibi huyo alikuwa Aidah, dada wa mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Swadiki, mwanajeshi wa zamani. Na Swadiki ndiye baba wa Yasiri, mume wa Candiru.

Sista Ritah hakuinua kichwa pale mezani. Alikuwa muuguzi peke yake katika wodi ile, na akiitwa wodi ya wazazi, alikuwa muuguzi wa huko pia.

"Umegeuza wote?"

"Nimegeuza wote, Sista."

Siku ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Baadaye maneno hayo yakawa yanamtoka bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia salamu.

Mzee Swadiki aligongwa na boda akitoka swala ya Ijumaa. Mwenye boda hata hakusimama. Nyonga ikavunjika. Hospitali kubwa ya Arua walisema foleni ya upasuaji ni ndefu na vyuma vya kuungia havipo, basi arudi Koboko, alale, mguu uvutwe kwa uzito, mfupa utajiunga wenyewe. Na kweli, mfupa wa mzee huwa unajiunga. Unataka subira tu, na mtu wa kukugeuza wakati unasubiri.

Tena asidhani mtu kwamba huyu alikuwa baba mkwe hivi hivi, wa kuamkiwa na kupishwa njiani basi. Candiru alipoolewa kutoka Ajia alikuwa msichana aliyekatizwa shule, anayejua kulima muhogo na kunyamaza. Mzee ndiye aliyesema mke wa mwanawe arudi kusoma. Akauza fahali wake wa kulimia. Wanaume wa ukoo walimcheka waziwazi, wakasema uzee umeanza kumchezea, maana nani aliwahi kusikia ng'ombe anauzwa ili mke wa mtu akakae darasani. Mzee akawajibu kwamba wao hawakulala kambini. Yeye aliona wanaume wenye nguvu wakipigwa risasi ya mguu, risasi ambayo haiui mtu, kisha wakafa kwa sababu walilazwa wakaachwa, migongo ikaoza huku macho yanatazama.

"Nyumba yangu itakuwa na daktari yake," alisema, kwa Kiswahili chake cha jeshini. Hilo likawa neno la mwisho.

Chuo kilikuwa Arua, chini ya mlima wa Arua Hill, vyumba viwili juu ya duka la mbolea. Mgonjwa wao wa kujifunzia alikuwa mwanasesere mkubwa asiye na mkono mmoja. Walikariri majina, wee acha tu: jina la presha iliyopanda, la mkojo wenye damu, la miguu iliyovimba, la mtu asiyeweza kuvuta pumzi akilala chali. Mengi yalikuwa majina ya Kizungu yenye mikia mirefu, na Candiru aliyaimba njiani akienda kuteka maji. Lakini somo alilobaki nalo mwilini halikuwa la majina. Mwalimu wao, Paska, aliwalaza siku moja sakafuni kwenye simenti, chali, akakataza mtu kutikisa hata kidole. Akatoka, akaenda kunywa chai. Alipochelewa kurudi, nusu ya darasa walikuwa wanalia.

Kisha akawaeleza. Hatua ya kwanza, ngozi inabadilika rangi. Ya pili, inachubuka. Ya tatu, panakuwa shimo. Ya nne, unauona mfupa. Akasema hatua zote ni kosa la aliyekuwa zamu, hata akileta sababu za dunia nzima. Kila saa mbili mtu ageuzwe. Mtu si gunia.

Candiru alimaliza na kupewa karatasi yake. Kumbe serikali ilikuwa haiwaandiki tena kazini wasaidizi wa wauguzi, watu wa ngazi yake. Hospitali ikampokea kama mtu wa kujitolea, bila mshahara, kwa ahadi kwamba nafasi ikipatikana yeye atakuwa wa kwanza. Yunifomu alijishonea mwenyewe. Alikuwa anaisubiri nafasi hiyo siku mzee alipoingizwa wodini juu ya mlango wa mbao, akisaga meno asipige kelele.

Kwa ukoo wa Swadiki, mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, haketi mkekani kwake, hasogelei kitanda chake. Maji ya kuoga humwachia nje ya uzio, akakohoa, akaondoka. Candiru aliyashika hayo tangu siku aliyofika, na hayakuwahi kumwuma. Yeye na mzee walizoeana hivyo hivyo kwa mbali. Jioni mzee alikaa kwenye kigoda chake uani, Candiru akipika ndani ya jiko, na ukuta wa jiko katikati yao, akamsimulia mambo ya kambini mpaka mboga ikaungua. Akimwita, alimwita Mama Night, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Candiru alimpenda kuliko alivyompenda baba yake mwenyewe.

Siku ile ile ya kwanza alimfuata Sista Ritah akamwomba ampeleke wodi ya wazazi. Akamweleza sababu, kwa sauti ya chini, mikono kifuani.

"Hapa hakuna mkwe," Ritah alimwambia. "Hapa iko wagonjwa tu. Ukiniletea hiyo habari mara ya pili, vua hiyo yunifomu, weka juu ya meza, uende nyumbani. Wasichana wanaotaka iko wengi huko nje."

Ritah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na nyuma ya mlango watu walikuwa wanamgombania.

Mchana wake Aidah naye alimwita Candiru barazani. Hakumfokea. Alimshika hata mkono, kwa vidole vyake vilivyopinda kwa ugonjwa wa viungo, akaongea naye kama mama anavyoongea na binti.

"Mimi najua kazi yako ni kushika watu. Shika. Lakini huyu si mutu ya wodi. Huyu ni baba ya bwana yako. Siku wewe nafunua shuka yake, siku hiyo wewe si mke tena. Utarudi kwenu Ajia, na watoto iko ya ukoo."

Yasiri alikuwa njiani na lori la mizigo, amekwama huko upande wa Sudani Kusini. Kwenye simu sauti yake ilikatika na kurudi. Alimwambia asimguse mzee. Alisema akimvua baba yake, atakuwa amemvua yeye mbele ya watu. Alisema Ijumaa atafika amgeuze mwenyewe. Ijumaa ikafika, Yasiri hakufika.

Basi nani amgeuze? Mke wa mzee alikwisha kufariki. Binti yake, aitwaye Afisa, ameolewa mbali, huko Inde, na mumewe alijibu kwamba tumbaku iko shambani na mke hatoki. Aidah mwenyewe kikombe tu kilimshinda. Mwana mdogo, Tahiru, alikuja kila jioni, amenyoa, ameoga, akasimama kwenye miguu ya kitanda akimpa baba yake habari za mpira. Candiru alimvizia langoni, akamsihi, akamwonyesha kwa mikono yake hewani jinsi ya kushika bega na nyonga. Tahiru akaja na rafiki yake, wakamnyanyua mzee juu juu, jerikeni likagonga chuma cha kitanda, mzee akaguna, nguo ikamteleza, na Tahiru akaona kwa baba yake kile ambacho mwana hatakiwi kukiona. Alitoka mbio. Tangu hapo alikuwa anaishia barazani, anamsalimia mzee kupitia dirishani.

Aliyewasaidia alikuwa mtu baki. Afedra, mchoma matofali, alikuwa anamuuguza kaka yake kitanda cha jirani. Yeye hakuulizwa mara mbili. Akishamgeuza kaka yake, alipiga hatua moja akamgeuza na mzee, huku akimtania kwamba wanajeshi ni wazito kwa sababu ya chuma walichokula. Aidah hakupinga, maana huyu ni mwanamume tena mgeni. Siku zote za Afedra ngozi ya mzee ilikuwa salama. Kisha kaka yake akaruhusiwa. Candiru alisimama mlangoni akamtazama Afedra akifunga sufuria na godoro lake, akivuka uwanja wa hospitali, akipanda boda. Alitaka kumkimbilia amwombe abaki. Angembakisha kwa kisingizio gani? Akamwambia Sista, jioni ile, kwamba amegeuza wote.

Halafu Aidah akaanza kuchoma udi. Alisema ni nzi. Akaweka chetezo cha makaa chini ya kitanda na moshi ukapanda, ukatanda dirishani, wagonjwa wengine wakakohoa na kulalamika. Lakini Candiru alikuwa ameinusa ile harufu iliyo chini ya udi kabla Aidah hajanunua huo udi. Ni harufu tamutamu, nzito, isiyofanana na nyingine. Alijua imetoka wapi, alijua iko hatua ya ngapi, alijua jina lake kwa lugha zote anazozijua. Nyumbani mtoto wake Night alipolala alimgeuza usingizini, kulia, kushoto, mpaka mtoto akaamka na kulia.

Alijaribu kusema. Mara mbili alifika mezani kwa Sista, akafungua kinywa. Mara ya kwanza Ritah aliitwa kwa mama anayetokwa damu, akaondoka mbio na viatu mkononi. Mara ya pili Ritah alimtazama tu na kuuliza kama amegeuza wote. Candiru akajiona anavua yunifomu, anaiweka juu ya meza. Akaona uso wa mzee siku aliporudi kutoka mnadani na kamba tupu, fahali hayupo. Akajibu alivyozoea kujibu.

Adhuhuri moja Aidah alitoka kwenda kutia udhu. Wodi ilikuwa imepoa, wanaouguza wako nje wanapika. Candiru alikuwa na kavera mikononi, amemaliza kitanda cha jirani, anajiandaa kupita.

"Candiru."

Alisimama. Hajawahi kusikia mzee akilitaja jina lake.

"Mgongo yangu naungua," mzee alisema. Alikuwa anatazama dari. "Mimi nalijua hii kitu. Naliiona kambini. Geuza mimi."

"Baba…"

"Sheria ni ya watu wazima na afya. Mimi nasema, geuza mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Akamsogelea. Miaka yote ile hajawahi kumkaribia hivyo, na kumbe mzee alikuwa na alama ya kovu chini ya kidevu. Candiru akapitisha mkono chini ya bega lake. Kupitia kavera alisikia joto, na mfupa, na jasho, na uzito wa mtu aliyeuza fahali kwa ajili ya mkono ule ule. Alikuwa tayari amekunja goti la mguu mzima, anatafuta nyonga. Bado kidogo tu, jamani. Kisha birika la plastiki likagonga ngazi ya baraza, na Aidah akakohoa kule nje kusafisha koo.

Candiru akautoa mkono.

"Ngoja baba," alisema. "Tahiru anakuja jioni."

Mzee akafumba macho. Hakukasirika. Alisema, "Sawa," kwa sauti ya askari anayepokea amri kutoka kwa aliye mdogo kuliko yeye, na hakumwomba tena hata mara moja.

Candiru alikwenda nyuma ya jengo, akafungua nyuzi, akatupa kavera shimoni. Akanawa mikono, akainawa tena. Akasimama pale akitazama maji yakiishia kwenye mfereji, akajiambia jioni atamwambia Sista kila kitu, liwalo na liwe. Jioni Ritah alikuwa wodi ya wazazi, na zamu ikaisha.

Siku daktari Acidri alipopita wodini hakuna aliyelazimika kusema. Alifika kitanda cha dirishani, akasita, akaomba udi uzimwe. Akaamuru mzee alazwe ubavu. Ritah na mfagiaji wakamgeuza, shuka likagandamana na mgongo, likavutwa. Wagonjwa wa jirani waligeuza nyuso. Acidri alisema jina la kile anachokiona, mahali kilipo na hatua yake, kwa Kiingereza, taratibu, na Candiru aliyesimama nyuma akiwa ameshika beseni alielewa kila neno. Yalikuwa yale yale aliyoyaimba njiani akienda kuteka maji.

"Nani alikuwa anamgeuza huyu?" Acidri aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

Ritah akamtazama Candiru. Ilikuwa ni kumtazama tu, hata beseni halikutikisika, lakini yote yaliyokuwa hayajasemwa yalisemwa pale.

"Alikuwa akigeuzwa, daktari," Ritah akajibu. "Ni familia ndiyo hawakusaidia."

Acidri akaandika dawa ambayo stoo haikuwa nayo, akaagiza nyama iliyokufa ikatwe, akasema mgonjwa ageuzwe, akaenda kitanda cha pili. Ritah akamvuta Candiru nyuma ya kabati.

"Mimi sikuona, na wewe hukusema," alimwambia. "Wote wawili tuna watoto."

Candiru alitaka apigwe. Angetukanwa, angefukuzwa, pengine angepata pa kuanzia kulia. Ritah akarudi mezani kwake.

Kuanzia hapo Sista na mfagiaji walimgeuza mzee kweli kweli, lakini homa ilikwisha kupanda, na sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alianza kuongea na watu wa kambini, akawapa amri, akawaita kwa majina. Akafa asubuhi moja Candiru akiwa wodini, anamlisha uji mgonjwa wa kitanda cha mlangoni. Mfupa wa nyonga, alisema Acidri, ulikuwa umeanza kuunga vizuri.

Msiba uliwekwa nyumbani, nje kidogo ya mji. Yasiri alifika na lori lake, na vumbi lake. Afisa naye alikuja kutoka Inde, mumewe amempa ruhusa. Watu walijaa hata uwanja ukawa mdogo, na wanaume wa kushika walipatikana, wengi, mpaka ikabidi wengine waambiwe wasubiri. Waliweka ubao wa kuoshea nyuma ya nyumba, wakauzungushia vitambaa. Msikiti ulileta sanduku lake la mazishi, lenye sabuni, pamba, kafuri na glavu mpya, pakiti nzima haijafunguliwa.

Kazi ya maji walipewa wake za wana. Candiru alibeba ndoo yake mpaka kwenye kitambaa, akaituliza chini, akakohoa, kama alivyofanya miaka yote. Mkono wa mwanamume ukatoka, ukaichukua. Hakuondoka haraka inavyotakiwa. Alisimama akasikia sauti ya mzee muoshaji upande wa pili, sauti ya upole, isiyo na haraka, ikiwaelekeza vijana.

"Shika bega. Wewe shika nyonga. Mlaze ubavu huu, tuoshe huu. Polepole. Sasa mgeuze."

Maji yakasimama. Kisha Tahiru akatoka kwa upande wa nyuma, glavu zikimdondoka maji, akainama kwenye majani ya muhogo akatapika. Alipoinuka alimwona Candiru. Tahiru akajifuta kinywa kwa bega, akarudi ndani kumwosha baba yake.

Baada ya mazishi msemaji wa ukoo, Mzee Loro, alisimama kuwashukuru watu. Akashukuru waliochimba kaburi na walioleta kuni. Akashukuru hospitali, iliyojitahidi na uwezo wake mdogo. Halafu akamwita Candiru mbele. Akasema watu wengi wanaogopa kusomesha wake za wana, wanasema msichana akishavaa nguo nyeupe anasahau adabu.

"Huyu nalikuwa na yunifomu," Loro alisema. "Nalikuwa hapo kila siku, karibu na kitanda. Hakuna mtu angeuliza. Lakini hakugusa. Mpaka mzee nakufa, hakugusa. Hiyo ndiyo heshima, watu yangu."

Wanaume wakaitikia. Wanawake wakapiga makofi taratibu, kama inavyofaa msibani. Aidah akainuka kwa shida, akamvika mabegani kitenge kipya cha bluu, akambusu paji la uso, machozi yake yakiwa ya kweli kabisa. Candiru alisimama na kitenge mabegani, macho chini. Ardhi ikakataa kummeza. Alitafuta uso mmoja wa kumlaumu katika umati ule, akamtafuta Tahiru, na Tahiru alikuwa anatazama viatu vyake.

Usiku ulipoingia Yasiri alimshukuru mkewe kwa kumtunzia jina. Candiru hakuvumilia.

"Nilimwacha aoze, Yasiri," alisema. "Aliniomba. Nilikuwa nimeshamshika, nikamwacha."

Yasiri alikuwa ameketi kwenye kigoda cha baba yake, na mikono yake mikubwa ya kushika usukani ilikuwa imelala juu ya mapaja.

"Maneno hayo," alisema mwishowe, "usiyaseme mbele ya watu." Akaingia ndani kulala.

Candiru alirudi kazini siku ambayo zamu ilimtaka. Ritah akampa pole, akampa beseni. Glavu zilikuwa bado hazijaletwa. Candiru akafunga kavera zake, akaanza na kitanda cha mlangoni, upande wa kushoto mpaka ukutani, kisha upande wa madirisha.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu. Mzee mwingine, mfupi, amepooza upande mmoja, mdomo umevutwa, jicho moja linamwangalia. Mkekani hapakuwa na mtu. Barazani, pembeni kidogo mwa dirisha ili asionekane kutoka kitandani, alisimama msichana mwenye bakuli la uji lililofunikwa, uso ameugeuzia uwanjani.

"Sista," msichana aliita kwa sauti ya chini. "Naomba umpokelee huu uji. Mimi siwezi kuingia. Mimi ni mkwe."

"Nani mwingine yuko naye?" Candiru aliuliza.

Msichana akatingisha kichwa.

Candiru akapokea bakuli kupitia dirishani, akaliweka juu ya meza ndogo. Kutoka mezani kwake Ritah aliuliza kama amemaliza kugeuza. Candiru alifunua shuka, akapitisha mkono chini ya bega la yule mzee mgeni, na mkono wake ukasita. Mpasuko wa ngozi ya godoro alioufahamu, uliokuwa juu upande wa kichwani, haukuwepo. Akainama, akauona chini, umebanwa kwenye chuma cha kitanda, na kuelekea katikati ya godoro duara la doa la mgongo wa Swadiki, lililokuwa bado halijakauka. Hospitali haikuwa na godoro jingine, wala dawa ya kulioshea. Kumbe godoro lilipata mtu wa kuligeuza.